Kamba za Mtaani

Simu ililia nikiwa na kaa mkononi,
kaa mwekundu wa maji ya barafu, nusu ya miguu nimeshaibandua.
Msimamizi alitazama saa ya ukutani, hakunitazama mimi.
Mara ya tatu mwezi huu, na mwezi bado mchanga.

"Bibi Barría, Maitén amemng'ata mwenzake."
Sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa laini,
kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe waliolala.

Niliingia ofisini na harufu yangu ya chumvi.
Mezani, karatasi; juu yake, kalamu iliyokwisha kufunguliwa.
Utovu wa nidhamu. Ukaidi. Mayowe darasani.
Kiti kimerushwa.
Nilisoma mpaka chini nikitafuta *kwa nini*.

Yeye alikuwa chini ya meza ya karani,
kiganja sikio hili, kiganja sikio lile,
akihesabu; akifika kumi na saba, anaanza upya.
Siku dunia ikitulia hufika mia nne.

Nikauliza: leo mmebadilisha nini?
Hakuna, bibi. Wakatazamana. Hakuna.
Mzee Oyarzo, mfagizi, akasema kutoka mlangoni,
"Kengele. Ya zamani iliharibika jana.
Hii mpya inalia kama msumeno."

Sitadanganya. Asubuhi nilimfokea juu ya soksi.
Mshono ulimkwaruza, nami nikasema vaa, tumechelewa.
Kengele ilikikuta kikombe kimejaa.

Ukumbini, mama yake Damián, koti bado na vifungo.
Mkononi mwa mtoto, meno sita yamepangika vizuri.
Nikaomba radhi. Akaitikia kwa kidevu tu.
Nami ningeitikia hivyo hivyo.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye, husemwa.
Mwanangu analia, nami nalia,
na sijui ni nani aliyemchelea mwenziwe.
Nikatia sahihi.

Nje, upepo wa Punta Arenas ulikuwa umeshaanza kazi.
Manispaa imefunga kamba kwenye pembe za mitaa
ili watu wazima washike, wasipeperushwe.
Mwanasheria alishika. Padri alishika, kofia kwapani.
Hakuna aliyewaandikia karatasi.

Maitén akashika kamba kwa mkono mmoja,
kwa mwingine mkono wa koti langu, palepale penye harufu ya kaa
ambayo siku zote humtapisha.
"Kumi na nane," akasema.

Mguu mmoja haukuwa na soksi.
Sikuuliza iko wapi.