Hatua Thelathini na Moja

Nilidhani ni uvivu.
Wifi yangu Sanichari, mimba ya miezi saba,
kila jua likichwa juu ya mto Kamala
huketi kizingitini, miguu ameikunja,
kazi zote amezinyamazia.
Hufagii? Nitafagia kesho.
Huchoti maji? Nimechoka, wifi.
Nikamchotea wiki mbili, nikinung'unika.
Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawakuzibeba ndoo zile.

Kisha jioni moja akamimina maji ya dengu
nje ya bakuli.
Taratibu, kwa uangalifu wote, kama anayepima kibaba,
akaimwagia sakafu
mpaka vidole vyangu vya miguu vikaungua.
Ndipo nikamtazama machoni.
Yalikuwa mazima, meusi, mazuri,
yamenielekea mimi
na hayakunifika.

"Toka mlangoni hadi bombani," akasema,
"ni hatua thelathini na moja.
Kwa mbuzi, kumi na nne.
Kichakani kujisaidia siendi;
nabana mpaka alfajiri."

Mchana huyu huona hata mguu wa mchwa.
Usiku ukiingia, anafungiwa nje
ya nyumba aliyomo.

Mama yangu Budhni alicheka.
"Ni rataundhi tu. Huja na mimba,
huondoka na kondo la nyuma.
Mimi mlinipofusha nyote watano."

Watano.
Tuko wawili, mimi na kaka.

Juu ya paa letu la nyasi
maboga yalikuwa yakinenepa, manjano hadi kitovuni.
Mama aliyahesabu kwa bei:
hili chumvi, hili mafuta ya taa,
lile kubwa ni salio la simu,
la kumpigia kaka huko Doha
anakofunga vyuma vya maghorofa ya watu.

Akaja Jagtarni, mjitolea wa afya,
daftari kwapani, tochi isiyo na betri.
"Macho nayo hula," alisema.
"Ukiyanyima, hufunga duka mapema.
Na wa tumboni anakula sahani hiyohiyo, tupu."
Akaonyesha paa kwa kidevu.
Mama akatazama pembeni:
"Na chumvi nitanunua kwa macho?"

Mtoto akazaliwa usiku, kwenye baridi,
kibatari kimoja, nacho cha mkunga.
Sanichari akampokea kwa vidole:
paji, pua, tundu za masikio,
vidole vya miguu akavihesabu mara mbili.
"Ni msichana," nikamwambia.
"Macho anayo?"
"Anayo."
"Anakuona?"
Sikujua cha kujibu. Nikasema, anakuona wewe.

Kulipokucha, maziwa ya kwanza yakachomoza,
mazito, rangi ya nyama ya boga.
Mama akasogeza kikombe: "Kamua, mwaga.
Huo ni uchafu, umelala kifuani miezi tisa."
Nikakifinika kikombe kwa kiganja.
Nikadanganya, mimi nisiyejua kudanganya:
serikali imekataza, Jagtarni ameandika,
kuna faini.
Mama haogopi Mungu kama anavyoogopa faini.
Mtoto akanyonya ile manjano yote,
akalala mdomo wazi, kidevu kinang'aa.

Usiku ule nikapanda paa.
Nyasi zikalia chini ya magoti.
Nikakata kubwa, lile la simu,
na majani yake, na mawili ya jirani yake.
Kaka hakupigiwa mwezi ule.
Mama hakusema nami siku tatu;
ya nne akaja na sahani.

Mwezi ulipoandama tena,
jioni moja napuliza moto, moshi umenijaa,
sauti ikatoka kizingitini:
"Wifi, una masizi puani."

Sikuyafuta.
Nikageuka polepole, nisije nikalivunja.
"Upande gani?" nikamuuliza.
Akanyamaza kidogo, anatazama.
"Kushoto," akasema.