Kijitabu cha Kusonga Mbele

Wamenipa kurasa kumi na mbili za Kiingereza
nizigeuze kabla ya saa tisa.
Kampuni ya bima, ghorofa ya kumi na saba, Upper Hill,
inataka kuwapa moyo wafanyakazi wa chini.
Wa chini: ndivyo walivyoandika, mimi sijazidisha.
Nimeketi kwa Ondimu, Barabara ya Kirinyaga,
kati ya duka la spea na duka jingine la spea.
Mashine inanguruma nyuma ya pazia,
chai yangu imeota utando.

Ukurasa wa kwanza: tia mguu mlangoni.
Nimeandika, nimefuta.
Wekhomba wa getini, aliyeingia kuchaji simu,
anauliza: mguu wa nani, mlango wa nani?
Yeye ameajiriwa kuufunga.
Miaka sita anaitazama miguu ya watu
na hajaona hata mmoja uliopandishwa cheo.

Wa tatu: anza na kichwa.
Yaani kichwa kiondoke alfajiri,
kiwiliwili kije baadaye na viatu.

Wa nne: iba mwendo.
Ondimu kacheka mpaka wino ukamwagika.
Mtaa huu tumeibiwa betri, vioo vya magari,
hata mfuniko wa mtaro.
Mwendo, bado.

Wa saba: pata mkono wa juu.
Hapo nikaweka kalamu.
Bibi yangu Tabu, Pumwani, Majengo,
akifungua pindo la leso kutoa sarafu,
alisema mkono wa juu ni ule utoao
na wa chini ndio upokeao.
Hawa wanasema wa juu ni ule ubanao.
Mkono ni uleule, juu ni ileile.
Nikaacha mstari mzima mtupu,
nikavuka.

Wa kumi: watangulie wenzako.
Hii nyepesi. Niliiandika nikiwaza chakula cha mchana.
Kavindu alikuwa akipiga deki chini ya meza yangu.
Kavindu husoma kila kilichoandikwa,
kuponi, risiti, karatasi ya kufungia andazi;
alijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru,
na hataki ada ile ipotee.
Akaegemeza mpini ukutani,
akafuata kwa kidole kilicholowa: wa-ta-ngu-li-e.
Akauliza,
Mbona mnawaombea kifo?

Nzioki wake alitangulia mwaka juzi,
kiwandani Lunga Lunga, zamu ya usiku, boila.
Mazishini kila aliyeshika kipaza sauti alilisema,
ametangulia, ametangulia,
sisi tu nyuma yake,
na katika umati wote ule
hakuna aliyekazana kumpita.

Alama ya kidole chake imebaki kwenye karatasi,
duara la maji juu ya neno.

Nikaandika: endeleeni.
Ni enda, halafu enda tena,
halafu neno lenyewe linakataa kukoma.
Nililikagua kama mtu anayekagua mchele
nikitafuta aliyeachwa nyuma ndani yake.
Sikumwona.
Huambiwa anayekula, anayesimulia,
huambiwa hata anayelia, akiona haya kulia.

Saa tisa kasorobo kijana wa kampuni kafika,
tai shingoni, helmeti ya bodaboda kwapani.
Akapekua. Mbona ukurasa wa saba una pengo?
Nikamwambia, waulize huko juu
mkono wao unafanya nini.
Na kutangulia? Bosi analipenda sana lile.
Nikamwambia ni la marehemu.
Akacheka nusu, akatazama saa,
akasema ana mkutano,
akichelewa kuna mwenzake atamtangulia.

Akasikia alichokisema.
Tukasikia sote; hata mashine
ilikuwa imeishiwa karatasi.

Pita polepole, mwanangu, Kavindu akamwambia,
sakafu haijakauka.
Akapita kwa ncha za viatu, mikono imetanuka,
hadi mlangoni, ambapo Wekhomba alimfungulia.

Kavindu akaikamua deki,
akazifuata nyayo zake, moja moja,
akianza na ya mwisho.