Chekeche

Chumba cha nyaraka, Kendal, kaskazini mwa Uingereza.
Mvua tangu asubuhi.
Nafungua sanduku la Tabitha Garnett, mjane,
aliyefariki 1768, shayiri ikiwa bado shambani.

Karani wa mirathi alipita chumba kwa chumba na kalamu yake:
kitanda kimoja;
godoro la manyoya, limechakaa;
sufuria ya shaba, ina tobo;
nguruwe mmoja, shilingi kumi na moja;
jibini, nusu.
Nusu! Nani aliikata? Alikula na nani?

Chini ya wosia, barua ya dadake, Dorcas,
wino umefifia ukawa rangi ya chai:
“Mtoto ametutoka Jumanne. Njia ni matope matupu.
Ukimpata mtu wa kuja huku
nirudishie chekeche langu.”

Nimeisoma mara tatu
nikitafuta kilio kilipofichwa.
Hakuna. Kuna unga unaongoja kuchekechwa
na vinywa vilivyobaki.

Namrudia karani. Ukurasa wa pili, jikoni,
kati ya koleo na ndoo isiyo na utambo:
chekeche, moja.
Na pembeni, kwa herufi za kubana,
“si lake.”