Rafu ya Shubiri Moja

Ubao ulitoka kwenye kitanda cha Wairegi,
ule wa ubavuni, wa kumzuia asianguke usingizini.
Sasa ana ndevu, yuko Eldama Ravine, anauza dawa za mifugo,
nao ubao umelala darini miaka yote hiyo
na alama za meno yake ya kwanza.

Upana: shubiri moja, tena si shubiri ya mwanamume.
Urefu: hautoshi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.
Kibanda changu cha bustani, hapa Molo,
ni nguzo sita za msaiprasi na mabati yaliyochoka,
na bati, hata uliombe kwa magoti, halishiki msumari.
Nguzo ndizo zinazoshika.
Kutoka nguzo hadi nguzo, futi nne.
Ubao wangu, futi nne kasoro vidole vitatu.
Vidole vitatu! Nimekosa mengi kwa vidole vitatu,
ila hayo hayakuwa ya kuwekea mbegu.

Mwanzo nilifunga kamba kutoka kwenye boriti.
Rafu ikawa bembea, panya wakashukuru.
Kisha nikasimamisha fimbo chini ya ncha ile;
siku ya pili nikaipiga teke mwenyewe nikitafuta ndoo,
mbegu za karoti na za kitunguu zikaoana sakafuni,
nami nikaziokota gizani kwa kulowesha kidole.

Kibowen akachungulia juu ya ua:
"Mwalimu, dukani kuna vyuma vya pembe, mia mbili na hamsini kimoja."
Nikamwambia pensheni yangu nayo ni ya shubiri moja.
Shemeji Gathogo akasema, "Huo ubao upikie chai."
Nilimpa chai. Niliipika kwa kuni nyingine.

Usiku, ukungu umekaa mlangoni kama mdai,
nikalala macho.
Miaka thelathini na mmoja nimechora pembetatu ubaoni,
pembe A, pembe B, pembe mraba na kisanduku chake kidogo,
nikawasahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu,
na sikuwahi, hata siku moja, kuibebesha pembetatu kitu.
Ilikuwa chaki tu. Kengele ikilia, inafutwa.

Asubuhi nikautoa mpini wa jembe la mama mkwe,
uliovunjika mwaka ule wa viazi vingi,
ambao tangu azikwe hakuna aliyethubutu kuutupa wala kuutumia.
Nikaukata ncha zote mbili kwa mshazari,
msumeno unakohoa, mimi nakohoa.
Mguu nikaukita kwenye nguzo, chini;
kichwa kikaupokea ubao pale ulipokuwa ukiishiwa.
Misumari ya inchi tatu.
Mmoja ulipinda. Nikauacha hivyo hivyo.

Tazama sasa: nguzo, ubao, mpini.
Katikati yake buibui ameshapima kiwanja.

Pimamaji sina. Niliweka kiazi kidogo cha mviringo;
kikafikiri,
kikabingirika taratibu kuelekea nje,
kikasimama kwenye meno ya Wairegi.
Imeinama, basi. Na mimi bega langu la kushoto je?
Nimeshajua kuipanga: vizito karibu na nguzo,
tupa, nyundo, chupa ya dawa ya viazi;
vyepesi kule mwisho, kwenye ncha isiyogusa kitu,
karoti, kitunguu,
na pakiti ya maua ambayo sikumbuki nilipewa na nani.

Jumapili Wairegi akapiga simu.
Nikamwambia kitanda chako kimepata kazi.
Akauliza, kitanda kipi?
Kile cha kukuzuia usianguke.
Akacheka, akasema yeye hakumbuki kuanguka hata mara moja.

Nikamwambia subiri kidogo, maziwa yanafurika.