Kipande cha Mkononi

Saa kumi na moja na nusu, Ngamiani bado ina usingizi.
Nafunga saa ya Hiza mkononi, nashika fimbo zangu mbili,
nashuka kibarazani, mguu mbovu kwanza,
kama Mhina wa Bombo alivyonifundisha:
wa kulia uende na fimbo ya kushoto,
wa kushoto na fimbo ya kulia,
sukuma nyuma, bibie, usichovye tu
kama unapima kina cha kisima.

Fimbo zenyewe ni milingoti ya mkonge,
myepesi kama mifupa ya kuku,
chini nimeivisha mpira wa tairi la baiskeli.
Ko, ko.
Barabara ya Nane. Ya Tisa.
Mtoto wa genge ananiita Bi Miguu Minne.
Namwachia. Hesabu yake haina kosa.

Saa haina neno la hivi ninavyotembea.
Nimeipitia orodha yake yote kwa kidole:
kukimbia, kuogelea, baiskeli,
hata kupiga makasia ndani ya nyumba
(mimi mzaliwa wa Ngomeni sijui nani hupiga makasia chumbani).
Fimbo hakuna.
Nikibonyeza "Kutembea", inahesabu miguu
na kuyasahau mabega, ambayo ndiyo yanayouma usiku.
Nikibonyeza "Nyinginezo", inanitazama
kama karani wa dirishani anayekaribia kwenda kula.

Na mkono ulioshika fimbo haupepei kama mkono mtupu,
basi kuna asubuhi ilinipa hatua elfu mbili
nami nimezihesabu kwa mdomo, elfu tatu na mia nne.
Jioni nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili za wageni,
ikatetema kwa furaha:
hongera, umetembea kilomita nzima!

Nilizifuta.
Hiza akacheka kwenye simu: "Shangazi, nani atakukagua?"

Sikumjibu palepale.
Baba yangu alikuwa mkata mkonge,
siku zake zikikaa kwenye karatasi ngumu yenye visanduku thelathini.
Kipande.
Nyapara akiona fungu limepungua, majani mawili tu,
kalamu haishuki. Jasho limeshuka, kalamu haishuki.
Siku nzima ya mtu ikawa haikuwapo.
Nakumbuka mwezi wetu mmoja uliochukua siku arobaini na moja,
mama akipima unga kwa kikombe cha chai.
Na walikuwapo waliojaziwa bila kukanyaga shamba,
kwa jogoo, kwa undugu.
Hilo nalo nalijua. Ndiyo maana za nazi sizitaki.

Nimenunua daftari. Naandika kwa peni:

*Jumatatu. Ya Nane hadi ya Ishirini, na kurudi. Dakika 52. Fimbo mbili.
Goti lilinung'unika kwenye mtaro wa Kumi na Nne.
Jumanne. Mvua. Sikwenda.
Jumatano. Fimbo moja nilimwazima Bi Mwanamtama avukie tope,
akaenda nayo hadi kwake. Iandikwe nusu.*

Mhina nampelekea vyote viwili.
Saa huitazama kwa adabu.
Daftari hulisoma hadi mwisho.

Leo, kwenye kona ya Ishirini, betri ilikata.
Kioo kikawa cheusi, mkono ukawa mkono tu.
Nilisimama kidogo.
Hakuna wa kuandika, hakuna wa kukataa kuandika.
Nikageuka, nikahesabu kwa Kibondei
kama baba alivyohesabu majani:
thelathini, nafunga fungu;
thelathini, nafunga fungu.
Hadi mlangoni, mafungu hamsini na saba
na majani kumi na moja.

Hayo kumi na moja nayo nimeyaandika.