Hesabu ya Mji wa Nang'andu

Msimu umekwisha. Ghala la chama limebaki na harufu ya maganda,
panya wawili, mimi karani,
na mizani ambayo haijapima kitu tangu Januari.
Mvua ya Newala inagonga bati.
Nageuza daftari la stakabadhi kichwa chini,
naanza kuandika kutokea nyuma:
leo nauzingira mji.

Mji wenyewe Nang'andu. Uko ukingoni,
pale ardhi inapochoka kuwa tambarare
ikajitupa bondeni.
Ukuta nimeujenga kwa magogo ya mpingo. Lango moja,
bawabu wake kiziwi, asihongwe kwa maneno matamu.
Chini nimemweka Mfalme wa Chumvi,
askari elfu arobaini, na fisi wenye mabawa
waliofungwa minyororo, wakicheka usiku kucha.

Siku ya kwanza mishale ya moto. Siku ya pili ngazi.
Siku ya tatu fisi wanaruka. Nikafurahi. Nikaagiza chai.

Somoe aliyeileta akasoma amesimama,
chupa kwapani, midomo ikitembea.
"Wanakula nini?"
Nani?
"Hao wa ndani. Umewafungia watu elfu sita. Wanakula nini?"

Nimepima magunia ya wenzangu miaka kumi na moja.
Watu wangu sikuwa nimewapimia hata kibaba.

Nikawafuta fisi. Nikapiga hesabu kama mtu anayedaiwa:
maghala manne; moja lina fukusi,
moja funguo zake anazo waziri na waziri haonekani.
Maji ni ya kukinga mapaani, mchanga wa huku unakunywa wenyewe.
Siku ya ishirini wanakula mbegu.
Siku ya thelathini wanachemsha ngozi za ngoma,
na mji unakosa hata cha kupiga mtu akifa.

"Ya arobaini?" Somoe aliuliza wiki iliyofuata.
Sijui, nikamwambia. Akaweka chupa chini.
"Bibi yangu mwaka wa njaa alichimba ming'oko.
Ukiuona mtambaazi wake unashika jembe.
Hutazami ni shamba la nani. Hutazami kaburi."

Basi. Siku ya arobaini mvua inanyesha
na mtambaazi unachipua kivulini mwa ukuta.
Mtoto mmoja, nimemwita Nambuta, anachimba kwa kijiko.
Kesho yake wanawake kumi. Keshokutwa bawabu.
Amiri anapiga marufuku; mkewe anachimba usiku.
Mizizi inapita chini ya magogo, nao wanaifuata,
wakitoa udongo kwa kanga,
na mpingo uliokataa moto, uliokataa shoka,
unaanza kuinama
kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Hakuna tarumbeta. Ndicho nilichokitaka na sikukijua.

Nambuta yumo shimoni mpaka mabegani.
Ameshika mng'oko mnene, anavuta, mng'oko haung'oki.
Anavuta. Kitu upande wa pili kinavuta pia.
Udongo unaporomoka, inatokea mikono,
chumvi kwenye mikunjo, kucha zimekatika:
askari wa Mfalme, wiki mbili hajapata mgao,
maana hata huko chini karani wao hakupima.

Mng'oko mmoja. Mikono minne. Juu yao ukuta.

Kalamu imesimama hapo tangu Ijumaa.
Somoe anasema mtoto aachie. Akifika mlangoni
anageuka, anasema asiachie.
Nje lori linapiga honi, salfa imefika,
mifuko mia tatu. Naihesabu, nasaini, nafunga ghala,
nafungua tena: bado wanavutana,
na gogo moja, la tatu kutoka langoni,
limelia.