Chumba cha Kupimia

Tulikuwa sita, ukimhesabu na mtoto wa Sikudhani
aliyeletwa kwa kukosa wa kumwachia.
Maji yamejaa, na maji yakijaa
ndege hawana pa kusimama ufukweni,
wanahamia huku Nunge, kwenye majaruba ya chumvi,
wamesimama mguu mmoja mmoja
kama watu kwenye foleni ya zahanati.

Mwalimu Fidelis ana darubini ya miguu mitatu,
mmoja umefungwa mpira wa baiskeli.
Pazi, mvuna chumvi, anajua tuta lipi linabeba mtu
na lipi litakumeza hadi gotini.
Mimi ni fundi cherehani, wa Dunda.
Niliwashonea mikoba ya kutia madaftari,
pesa ikapungua, wakasema: iliyobaki, twende ukaone.
Niliinamia kile kioo nikiwa bado nimenuna.

Mwezi wa kwanza, anasema mwalimu, vitwitwi hawa
wote walikuwa rangi ya jivu la juzi.
Sasa ni Aprili. Tazama kifua.
Nikatazama. Wekundu unaanzia kooni,
unashuka viraka viraka
kama kitambaa kilichopigwa chaki, mkasi haujapita:
hapa tayari, hapa bado, chini ya bawa bado kabisa.
Nusura nimwambie yule wa mbele: geuka, inua mkono.

Wanakwenda wapi na nguo hizo?

Juu, akasema. Kaskazini ya kaskazini,
miti imekua hadi magotini ikakata tamaa,
ukichimba shimo la choo unagonga barafu,
na kuna majuma jua linasahau kutua.
Huko ndiko wanakooana.
Wanataga chini, kwenye nyasi mbichi.
Na mbu wapo, wingu zima.
Sikudhani, muuguzi, akageuka: na malaria?
Hakuna.
Basi hao mbu wanajisumbua tu.
Tukacheka, na kicheko chetu kikarusha ndege wote.

Hesabu ikaharibika.
Pazi alifika mia mbili na tisa,
mwalimu mia mbili kumi na mbili,
mtoto alikuwa na kumi na wanne, na hakukubali kushindwa.
Wakazunguka juu ya marundo ya chumvi,
wakapinda pamoja, weupe, wakapinda, wekundu,
jora linalofunguliwa mezani mwa duka,
wakatua jaruba la pili.
Anza upya, akasema Pazi. Moja.

Mimi sikuhesabu.
Miaka kumi na tisa nimeshona magauni ya harusi.
Napima kifua, napima kiuno,
pini nimezibana midomoni, ndiyo maana siongei.
Bibi harusi anasimama mbele ya kioo changu
nusu gauni, nusu uzi,
kisha linatiwa mfukoni, wanaondoka.
Ukumbi uko Dar. Kadi hazimfikii fundi.
Silalamiki, nimelipwa.
Ila usiku najiuliza:
lile kwapa la kushoto lililokuwa linabana,
aliweza kucheza nalo?

Na huko juu, nadhani, lipo kundi kama letu,
watu wamevaa makoti mawili mawili,
wamelala kifudifudi kwenye baridi wakinong'ona,
wanawaona wamekamilika, wekundu wa tofali la kuchoma,
wala hawajui chaki ilipita wapi.
Septemba watarudi kwetu wamepauka,
nyuzi zinaning'inia.

Wiki iliyofuata walikuwa wameondoka, usiku, bila kuaga.
Karibu wote. Kwenye tuta la mwisho
mmoja wa kijivu, hana hata doa la wekundu.
Mwalimu alisema ni mchanga, mwaka wa kwanza hawaendi.
Pazi alisema ni mguu, mtazameni anavyochechemea.
Wakabishana hadi jua likawaka kweli.
Mtoto akasema: mmoja. Hapo tukakubaliana.

Siku hiyo daftari nilishika mimi.
Nikaandika moja, na pembeni,
kwa mkono uliozoea kitabu cha oda:
kijivu. Vipimo bado. Aje mwakani.

Mwalimu alisema hivyo haviandikwi.
Akanirudishia daftari. Hakufuta.